Dawa ya macho si peremende, Mhariri

Mhariri,

Mkazi mmoja wa Mbagala, Dar es Salaam, anaomba nafasi katika ukurasa wako aeleze habari za kichupa cha mililita tano. Kimekaa juu ya friji ya dada yake miaka mitatu, kando ya kiberiti na chaja ya simu. Si kilekile, maana kikiisha hununuliwa kingine, lakini mahali pake ni palepale.

Kichupa ni cha mtoto wa dada huyo, mvulana wa darasa la tano. Macho yalianza kumwasha akiwa darasa la pili. Alikuwa akiyafikicha mpaka kope zinavimba. Weupe wa jicho ukageuka rangi ya udongo, na asubuhi ukitoka ute unaovutika kama uzi. Siku za vumbi na jua kali hakutaka hata kutazama dirishani. Hiyo ni aleji ya macho ya watoto, inayojulikana sana nchi za joto, na wengi huachana nayo baada ya kubalehe. Mama yake alienda duka la dawa. "Dada, naomba dawa ya macho." Akaulizwa swali moja tu: "Ya mtoto au ya mkubwa, mama?" Akaondoka na matone yenye deksamethasoni na neomaisini. Baada ya siku mbili jicho likawa jeupe pee.

Mtego uko hapo.

Deksamethasoni ni steroidi. Huzima wekundu na muwasho upesi, ndiyo maana mzazi huiamini na jirani huiazima. Lakini ikitumika kwa wiki na miezi, kwa baadhi ya watu hupandisha presha ya macho, tena kimyakimya: jicho haliumi wala haliwi jekundu. Presha hiyo hula mshipa wa fahamu wa jicho, na kuona huanza kupotea pembeni. Mvulana huyu aliendelea kusoma ubaoni vizuri huku akijigonga kwenye viti, na nyumbani akaitwa mzembe.

Alipofikishwa kwa daktari wa macho, kipimo kilichukua dakika chache. Jicho la kulia lilisoma 34, la kushoto 31, wakati kawaida presha haizidi 21 hivi. Lenzi nazo zimeanza kuingia ukungu, yaani mtoto wa jicho kwa mtoto wa miaka kumi na moja! Ukungu huo unaweza kuondolewa kwa upasuaji; kilicholiwa na presha hakirudi. Hata tiba ina mtihani wake. Timololi, tone linalotumika sana kushusha presha ya macho, linaweza kumbana kifua mwenye pumu, na mvulana huyu, kama watoto wengi wenye aleji, ana pumu.

Dawa ya aleji iliyo salama zaidi ipo. Kromoglikati hutiwa mara nne kwa siku, na mgonjwa huhitaji subira ya siku nyingi, pengine wiki, kabla ya kuona nafuu. Bidhaa ya namna hiyo haiwezi kushindana kaunta na ile inayong'arisha jicho kesho kutwa.

Januari 2024, macho mekundu yalipoenea Dar es Salaam, Wizara ya Afya ilitoa tahadhari watu wasijitibu kiholela. Ugonjwa ule uliletwa na virusi na kwa kawaida huisha wenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Dawa ya kuua bakteria haivigusi virusi. Watu walinunua matone hata hivyo. Na steroidi ikitiwa kwenye jicho lenye kidonda cha fangasi, tuseme la mkulima aliyechomwa na jani la mpunga, kidonda hupata nafasi ya kuchimba zaidi.

Wauzaji wasibebeshwe lawama peke yao. Maduka ya Dawa Muhimu, yaliyoanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, yalijengwa juu ya wazo la kuwa na mtoa dawa aliyefunzwa. Basi Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) na Baraza la Famasi wahakikishe matone ya steroidi hayatoki kaunta bila cheti, na boksi liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka: "Ina steroidi. Usitumie bila daktari wa macho." Karatasi iliyomo sasa imekunjwa mara nane, ni ya Kiingereza, na maandishi yake ni madogo kuliko chungu.

Wakati tukisubiri hayo, kila mzazi na achukue kichupa kilicho juu ya friji asome jina la dawa. Likiishia na "sone" au "solone", kama dexamethasone, betamethasone au prednisolone, ampeleke mtoto kwa daktari wa macho wiki hii, aende na kichupa chenyewe, na aombe mtoto apimwe presha ya macho.

Mjomba wa mgonjwa,
Mbagala, Dar es Salaam