USIPIGE WINDOW KABLA HUJAPIMA (Sehemu ya 3)

Nimetoka zamu, miguu inawaka moto, ila ahadi ni deni. Leo naongea na wewe mwenye kompyuta ya zamani inayojizima kila ukifungua gemu. Msimamo wangu nausema mapema: mashine nyingi tunazoambiwa "zimekufa" hazijakufa. Zinatibiwa bila kupimwa.

Sisi kazini tulishajifunza hili. Zamani ukija na homa unaandikiwa dawa ya malaria, basi, nenda nyumbani. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likasema kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Siku hizi ni tone moja la damu kwenye kipimo cha haraka, unasubiri dakika 15 hadi 20, jibu hilo. Sasa mbona laptopu ikijizima dawa bado ni ile ile moja, kupiga window?

Yamenikuta mimi. Laptopu yangu ya chuo, rami GB 4, nilimwachia mdogo wangu acheze mpira wa PSP na PS2 kwa emuleta. Nilitaka acheze nyumbani namwona, sio kushinda kwenye mabanda ya gemu mpaka saa tatu usiku. Ikaanza kujizima. Tukampelekea fundi, hakuuliza hata swali moja, akapiga window. Notsi zangu zote zikaenda. Picha za msiba wa baba zikaenda. Na jioni ile ile mashine ikajizima tena! Yaani mgonjwa kakatwa mguu, na homa iko pale pale.

Kwa hiyo wewe anza na historia ya mgonjwa. Swali kubwa ni moja tu: inazima LINI?

1. Inacheza vizuri dakika 10 au 20, chini inakuwa ya moto, halafu pu, giza. Hiyo ni homa. Hapa Buzwagi kiangazi unakijua, unafuta meza asubuhi na mchana unaandika jina lako juu ya vumbi. Vumbi hilo hilo liko ndani ya feni. Zima, chomoa chaja, toa betri, fungua kava la chini, safisha kwa brashi laini huku umeshika feni isizunguke. Na acha kuiweka juu ya godoro, inakosa hewa. Yangu ilikuwa inaumwa hapa.

2. Inajifunga papo hapo, hata gemu haijatokea. Hapo mara nyingi emuleta na mashine haziendani. PCSX2 toleo la 2.0, la mwaka 2024, linataka Windows ya biti 64 na prosesa yenye SSE4.1. Core 2 Duo za mwaka 2006 hazina kitu hicho, hata ukiongeza rami unatupa hela. Jaribu toleo la 1.6.0 la mwaka 2020, ila usitegemee miujiza, gemu nzito zitajikokota. Kama ni PPSSPP, ingia kwenye mipangilio ya picha, toa Vulkan weka OpenGL, kwa sababu chipu nyingi za picha za zamani haziielewi Vulkan.

3. Inakwama sehemu ile ile kila siku, na gemu nyingine zinacheza. Mtuhumiwa wa kwanza ni faili la gemu, huenda lilinakiliwa nusu. Nakili upya kutoka kwenye diski yako.

4. Inakuwa nzito kwanza, sauti inakatakata, kisha inajifunga. Angalia rami, pengine imejaa. Funga kivinjari na vyote usivyotumia. Shusha ukubwa wa picha mpaka 1x. PSP yenyewe kioo chake kilikuwa nukta 480 kwa 272 tu, wewe unataka iwe sinema?

Najua utaniuliza: PS2 ya mwaka 2000 ilikuwa na rami MB 32 tu, iweje yangu ya GB 4 ishindwe? Sikia. Anakuja bibi anaongea Kisukuma tu, na mimi Kisukuma changu kinaishia kwenye salamu. Mjukuu anatafsiri. Maelezo ya dakika tano yanachukua robo saa, kwa sababu kila neno linapita kwa mtu wa tatu. Emuleta ndiye mjukuu huyo. Gemu inaongea lugha ya PS2, kompyuta yako haiijui, kila amri inatafsiriwa gemu ikiwa inaendelea. Kazi inakuwa mara nyingi zaidi ya ile ya PS2 yenyewe.

Kanuni zangu mbili, zishike. Kwanza, kabla ya kugusa chochote nakili kumbukumbu za gemu na mafaili yako kwenye flashi. Pili, badilisha kitu KIMOJA, jaribu, andika. Ukimpa mgonjwa dawa tatu kwa mpigo akapata nafuu, hujui ipi imemponya. Akitokwa na vipele, hujui ipi imemdhuru.

Wapo watakaosema nesi mzima anahangaika na gemu. Sawa. Ila tangu mgodi uache kuzalisha mwaka 2021, ni wangapi kati yetu wana hela ya kununua laptopu mpya kila inapogoma? Hiyo hiyo inayocheza gemu ndiyo inayoandika barua ya maombi ya kazi. Na mdogo wangu aliyekuwa anabonyeza tu, leo anajua feni iko wapi na rami ni nini. Hayo kajifunza mezani kwangu, sio bandani.

Mafundi wapo wazuri, nawaheshimu. Ila ukimpelekea mashine na kabla hajaiwasha akataja bei ya window, muulize kwa adabu: "Fundi, umepima nini?" Akikosa jibu, chukua mgonjwa wako urudi naye nyumbani.

Sehemu ya 4 nitaongelea diski inayogonga. Hiyo haisubiri. Ukiisikia leo, toa mafaili yako leo. Usiku mwema.