MWALIMU WA MUZIKI ANA KAZI HOSPITALINI

Mgonjwa wa kisiwani anapovuka ziwa kutoka Bumbire, Goziba, Ikuza au Mazinga, akafikishwa katika hospitali ya Kagondo, Rubya au Ndolage, hutarajia kumkuta daktari, muuguzi na dawa. Hiyo ni haki yake. Lakini yako maradhi ambayo sindano peke yake haiyamalizi: ulimi uliofungwa na kiharusi, mguu uliosahau mwendo, na moyo uliolemewa na majonzi. Kwa ajili ya maradhi ya namna hiyo, leo tunapenda kumtaja mtumishi ambaye ni nadra kukumbukwa inapozungumzwa habari ya afya. Huyo ni mwalimu wa muziki.

Tiba kwa njia ya muziki si jambo geni. Waganga wetu wa jadi, pwani na bara, waliagua kwa ngoma tangu kale. Katika mji wa Edirne, Uturuki, Sultani Bayezid wa Pili alijenga hospitali iliyokamilika mwaka 1488, na humo wagonjwa wa akili walipigiwa muziki kuwa ni sehemu ya matibabu yao. Jipya lililotokea katika karne ya 20 ni kwamba maarifa hayo yaliingia chuo kikuu.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili na baada yake, hospitali za Marekani zilijaa askari waliojeruhiwa mwili na akili. Wanamuziki walikwenda kuwaburudisha, na nafuu ikaonekana. Hata hivyo ilidhihirika kwamba ustadi wa kupiga ala hautoshi, kwani anayemhudumia mgonjwa hana budi kuyajua maradhi yake. Chuo cha Michigan State kilianzisha masomo hayo mwaka 1944. Katika Chuo Kikuu cha Kansas, mwalimu wa muziki E. Thayer Gaston, aliyekuwa mkuu wa idara ya elimu ya muziki, alikitumia cheo chake kuanzisha mafunzo ya namna hiyo, na wanafunzi wake wakafanya mazoezi ya kazi katika hospitali ya Menninger mjini Topeka. Mwaka 1950 chama cha taifa cha wenye kazi hiyo kiliundwa. Mwaka 1968 kilitoka kitabu alichokihariri Gaston, *Music in Therapy*. Ndivyo kazi ya kujitolea ilivyopata mtaala, mitihani na heshima.

Manufaa yake yanaeleweka. Mtu aliyepooza akapoteza usemi huweza mara nyingi kuimba maneno asiyoweza kuyatamka, na mwaka 1973 wataalamu wa Boston walieleza njia ya kumrudisha katika usemi kwa kupitia wimbo. Aliyepungukiwa na nguvu za mguu husaidiwa na mapigo yenye mwendo mmoja, kwa sababu mwili huyafuata mapigo hayo katika kupiga hatua. Hatusemi kwamba wimbo unaponya malaria, wala kwamba mgonjwa wa UKIMWI aache vidonge vyake. Anayesema hivyo ni mlaghai, naye apingwe. Tunasema kwamba wimbo, ukishikwa na mtu aliyefunzwa, ni msaidizi wa daktari.

Wako watakaouliza kama mwalimu wa muziki anaweza kukabidhiwa dhamana kubwa katika elimu ya juu. Jibu liko kwenye ziwa letu hilihili. Profesa Emily Achieng' Akuno wa Kenya, ambaye taaluma yake ni elimu ya muziki, amewahi kuwa Rais wa Baraza la Muziki la Kimataifa na wa Chama cha Kimataifa cha Elimu ya Muziki. Tena alipanda hadi kuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga, kule Bondo. Kumbe anayejua kuzipatanisha sauti anaweza pia kuongoza chuo cha sayansi na teknolojia.

Nchini mwetu vyombo vipo, ila havijakutana inavyopasa. Muziki unafundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makumira na Bagamoyo. Madaktari wanafunzwa Muhimbili. Hazina ya jadi nayo ipo. Profesa Mugyabuso Mulokozi ametafiti tenzi zinazoimbwa kwa ala ya nyuzi ya enanga, na kuandika habari za Habibu Selemani, bingwa wa enanga aliyefariki mwaka 1993.

Na haja ni kubwa. Watu wa Kagera wamepita katika vita vya 1978 na 1979. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walitokea mkoani humu mwaka 1983. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama, na tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilibomoa nyumba na kuua watu. Mara zote tulizika, tukajenga upya. Lakini majonzi ya waliobaki yaliachiwa jamaa na majirani, na kisiwani, ambako mvuvi huweza kuondoka jioni asirudi, majonzi hayo hayakomi.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa Serikali mambo matatu. Wizara zinazosimamia elimu, afya na utamaduni zikae pamoja ili chuo kikuu kimojawapo kianzishe masomo ya tiba ya muziki. Maafisa utamaduni na waganga wakuu wa wilaya wafanye jaribio katika hospitali za Muleba, chini ya uangalizi wa madaktari, na matokeo yake yaandikwe. Na vijana wa visiwani wenye kipaji wapewe nafasi katika mafunzo hayo, wapate kurudi kuwatumikia watu wao.

Gharama isiwe kisingizio. Ngoma na enanga haziagizwi ng'ambo kwa fedha za kigeni. Miti ya kuzichonga imo mashambani mwetu na mafundi wangali hai. Kinachotakiwa ni walimu waliosomea kazi hiyo, na kiongozi wa chuo mwenye ujasiri wa kuufungua mlango.