Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Usufi



Katika kila ukoo wetu hapa Uingereza yupo mtu mmoja ambaye simu zote humwishia yeye. Mara nyingi ni binti mkubwa, au kaka aliyepata kazi mapema. Ndiye ampelekaye mama hospitali na kumfasiria. Ndiye ajazaye fomu za kila mtu. Ndiye atumaye fedha Unguja na Mombasa. Na arusi ikitokea, mchango wake ndio unaotazamiwa kwanza. Tunamwita hodari, kisha twamwongezea. Kwa kuwa hatuubebi sisi, mzigo wake twauona usufi.

Watoto wa wale waliohama Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 wengi wao sasa wamepita miaka hamsini. Umri huo una mitihani yake. Wazazi wamezeeka au wametangulia, watoto wanahama nyumbani, mwili unabadilika, na pensheni ya serikali bado haijafika. Mtu huamka amechoka kama alivyolala. Kazi aliyoipenda humchukiza. Na kila alifanyalo huliona halina faida. Dalili hizo tatu ndizo zilizotajwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019. Shirika halikuziita ugonjwa, bali hali iletwayo na shida za kazini za muda mrefu zisizotatuliwa. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, ambaye naye alikuwa mhamiaji, aliyeondoka Ujerumani akiwa mtoto, aliandika habari za uchovu huo huko New York mwaka 1974, baada ya kuwaona wafanyakazi wa kujitolea wakiishiwa nguvu na moyo.

Shirika lilikusudia kazi ya ajira tu. Mimi nasema kuuguza wazazi na kubeba ukoo ni kazi pia, tena haina likizo.

Basi mtu wa namna hiyo akitaka kwenda kuzungumza na mshauri, tumwache aende. Katika England, tangu 2008 serikali imekuwa na huduma ya tiba ya mazungumzo isiyolipiwa. Mtu mzima aliyeandikishwa kwa daktari anaweza kujipeleka mwenyewe, na asiyejiweza kwa Kiingereza huweza kuomba mkalimani.

Wako wasemao kwamba huko ni kuitoa nje siri ya nyumba. Mshauri amefungwa na wajibu wa kutunza siri, isipokuwa maisha ya mtu yawapo hatarini. Tena siri ya aliyechoka haikai. Hutoka kwa maneno makali mbele ya wageni, au kwa maradhi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Wengine husema ni mambo ya wenda wazimu. La, ni mambo ya watu wenye akili timamu waliolemewa.

Lakini mazungumzo peke yake hayatoshi. Ikiwa dada yetu atatoka kwa mshauri na kukuta simu zetu zikimngoja vile vile, tutakuwa tumempa dawa kwa mkono mmoja na maradhi kwa mkono wa pili. Kwa hiyo naomba kila ukoo ukae kitako mwaka huu na kuandika kazi zote anazozifanya mtu huyo, moja moja, kisha zigawanywe. Mmoja achukue safari za hospitali, mwengine fomu, mwengine fedha za nyumbani. Wanaume wasisingizie kazi, wala vijana wasisingizie Kiswahili kibovu, bibi atawaelewa.

Na akirudi kutoka kwa mshauri, tusimuulize alisema nini. Tumuulize amekula, kisha tumpikie.