Kasi ya Tangazo na Kasi ya Bunduki

Kila kampuni inapotoa bunduki mpya ya upepo ya springi, madai yanayoisindikiza sokoni ni yale yale, nanyi mmeshayasikia. Nitayapima kwa sheria na mazoea ya Uingereza, ambako bunduki hizi hununuliwa kwa shabaha na kwa kuwinda sungura. Wasomaji, hukumu ni yenu. Ninachoomba ni kila dai lisimame kwa miguu yake lenyewe.

La kwanza ni kasi. Wanasema bunduki hii inarusha risasi kwa futi 1,000 kwa sekunde, na papo hapo wanasema haihitaji cheti cha silaha. Yasomeni madai hayo mawili pamoja. Katika England na Wales, bunduki ya upepo isiyo na cheti haitakiwi kuzidi futi-pauni 12 kwenye mdomo wa mtutu, yaani jouli 16 na kidogo. (Scotland ni wakali zaidi: tangu tarehe 31 Desemba 2016 hata hiyo inahitaji leseni.) Risasi ya kawaida ya milimita 4.5 ina uzito wa greni 8.4 hivi. Ikitoka kwa futi 1,000 inabeba futi-pauni 18.7, na mwenye nayo bila cheti ameshavunja sheria. Ili madai yote mawili yawe kweli, risasi lazima iwe nyepesi mno, ya aloi, yenye greni 5 hivi. Hiyo kwa kasi ile ile inabeba futi-pauni 11 tu. Kwa hiyo kasi iliyoandikwa kwenye boksi ni sifa ya risasi waliyoichagua kupimia. Pakieni ile ya greni 8.4, na sheria inairudisha bunduki kwenye futi 800 hivi. Hata bunduki ya zamani ya springi, Weihrauch HW77, iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1980, inafika hapo hapo.

Na risasi nyepesi hupunguzwa kasi na hewa upesi sana, hata faida yake ya mdomoni hailifikii windo. Hapa ndipo ninapokasirika. Mwindaji aliyeliamini tangazo atamlenga sungura kutoka mita 50 akidhani ana nguvu za akiba, na sungura ataingia shimoni na jeraha, akafe huko polepole.

Watetezi hujibu kwamba wapimaji huru wameipiga mbele ya kipima kasi na namba zikathibitika. Nakubali kwamba wamepima. Swali ni lini. Bunduki ya springi mara nyingi hutoka kiwandani ikiwa na grisi na mafuta ndani ya silinda. Pistoni inapoibana hewa kwa ghafla, hewa hupata joto kali na mafuta yale yanaweza kuwaka, kama inavyowaka dizeli kwenye injini. Risasi za mwanzo hutoka na moshi, mlio mkali, na kasi ambayo haitaonekana tena mafuta yakishaisha. Upimaji wa siku ambayo boksi limefunguliwa unapima grisi pamoja na bunduki. Mnunuzi ataishi na bunduki peke yake.

Dai la tatu ni kwamba mtikisiko umeondolewa. Tulitazame kwa makini, maana hapa ndipo ubora wa bunduki ya springi unapoamuliwa. Ukivuta triga, springi inaisukuma pistoni mbele na bunduki inarudi nyuma. Kisha pistoni inakutana na hewa iliyobanwa, inazuiwa, na bunduki inarushwa mbele. Mambo hayo hutokea wakati risasi ingali ndani ya mtutu. Ndiyo sababu bunduki hizi hushikwa kwa wepesi na kwa namna moja kila mara. Ukibadili mshiko, risasi inabadili mahali inapogonga. Vishikizo vya plastiki vinavyoishika springi ni kazi nzuri, vinaua ule mvumo wa chuma baada ya mlio. Lakini mvumo ni kitu kimoja na mrusho ni kitu kingine. Ushahidi wanautoa wenyewe: kijitabu kile kile kinachosema mtikisiko umekwisha kinamwonya mnunuzi atumie darubini iliyotengenezwa kwa bunduki za springi, yenye kizuizi cha kuishikilia isiteleze. Kama hakuna mrusho wa pande mbili, darubini inakingwa na nini?

Kuhusu bei, wanalinganisha na bunduki za hewa iliyojazwa, zinazodai mtungi au pampu, na wanasema springi haihitaji chochote. Hilo ni kweli kwa upande wa hewa, na ni sababu halali ya kupenda springi. Lakini HW77 na Air Arms TX200 nazo ni za springi. Faida hiyo ni ya ukoo mzima, na haiwezi kuhesabiwa kama sababu ya kulipia zaidi toleo jipya.

Mwisho wanaahidi kwamba springi itadumu maisha yote, huku wakiuza springi ya akiba. Springi iliyoachwa imekokiwa kwa saa nyingi huchoka. Bunduki ikifyatuliwa bila risasi, pistoni hukosa mto wa hewa na kugonga mbele kwa nguvu zote. Vipuri vitahitajika. Vya bunduki za zamani vinapatikana na mafundi wanavijua. Vya toleo jipya vinategemea kama kampuni itaendelea kulitengeneza.

Nitaacha kupinga siku watakapochapisha kasi ya risasi 10 mfululizo za greni 8.4, zilizopigwa baada ya grisi ya kiwandani kuisha, pamoja na tofauti kati ya ile ya juu na ile ya chini, na picha ya shabaha ya mita 30 iliyopigwa kwa mkono bila bunduki kubanwa mezani. Kabla ya hapo, ukiitaka, nenda klabu ukaombe kuipiga ya mwenzako.