Barua ya Wazi kwa Kamati ya Taifa ya Maadili ya Utafiti, Kigali

Waheshimiwa Wajumbe,

Nawaandikia kutoka Bugarama, katika bonde la mpunga linalopakana na Kamanyola kwa upande wa Kongo na Cibitoke kwa upande wa Burundi, kwa mintarafu ya majaribio yanayochunguza kumbukumbu, umakini na fahamu za mwanadamu. Na haja yangu ni kwamba watu wa bonde hili nao waalikwe kushiriki, na waalikwe kwa namna ambayo mtu huru aweza kuikubali au kuikataa.

Nchi yetu si ngeni katika jambo hili. Huko Huye wanafunzi wa kike 150 wa chuo kikuu, ambao akiba yao ya madini ya chuma mwilini ilikuwa haba, waligawanywa kwa kura, wengine wakala maharagwe yaliyozalishwa makusudi yawe na chuma kingi, wengine ya kawaida, kwa wiki 18. Na matokeo yalipochapishwa mwaka 2017 ilidhihirika kwamba wale wa kundi la kwanza waliwazidi wenzao kwa wepesi wa kukumbuka na kwa umakini. Nililifurahia jambo hilo kwa dhati, kwani chakula cha kila nyumba ya Rwanda kilipimwa kwa Wanyarwanda wenyewe. Lakini walioshiriki walikuwa wasomi, na mkulima wa mpunga hakuwamo.

Nasi tuna la kuchunguzwa. Maji yanayotuama mashambani ni mazalio ya mbu, na mtoto ambaye malaria imempunguza damu hukaa darasani macho yakiwa ubaoni ilhali fikira hazipo. Hii si dhana tupu: katika shule 30 za wilaya ya Bondo, magharibi mwa Kenya, kwa utafiti uliochapishwa mwaka 2008, watoto waliopewa dawa ya kukinga malaria mara moja kila muhula walilinganishwa na wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa, na upungufu wa damu ukawa kama nusu ya ule wa wenzao, na umakini wao darasani ukaongezeka.

Madhali Kamati yenu ndiyo itoayo idhini, naomba mtazame kwanza vipimo vyenyewe na lugha ya maswali yake. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi, na huku kwetu ni lugha ya soko na ya msikitini. Mzee anayehojiwa kwa lugha asiyoimudu vema ataandikwa kuwa amesahau, kumbe hakufahamu swali. Watafiti wa maradhi ya usahaulifu wa uzeeni wilayani Hai, Kilimanjaro, walipowakuta wazee ambao hawakupata kushika kalamu, waliwapa njiti za kiberiti wazipange kwa umbo walilooneshwa badala ya kuwaagiza wachore, na hiyo kwangu ni insafu.

Lililo zito kuliko yote ni ridhaa. Mtu ambaye kumbukumbu inamponyoka haitoshi aulizwe siku moja na kutia dole gumba. Aelezwe upya kila anapokuja, mbele ya jamaa anayemwamini, aambiwe bayana kwamba huenda anachomeza hakina dawa, na akisema leo hataki, kauli hiyo iheshimiwe hata kama jana alikubali na mwanawe bado anataka. Fidia ya siku aliyoacha shamba apewe, bali isiwe nyingi kiasi cha kumfunga mdomo maskini.

Na kabla ya kupiga mhuri, mwulizeni kila mtafiti ni nani atakayerudi kuwasomea walioshiriki matokeo, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, katika mkutano wa kijiji, mudugudu, baada ya kazi ya pamoja ya umuganda. Na jibu lake liandikwe ndani ya idhini, pamoja na tarehe.

Wenu mtiifu,
Mkazi wa Bugarama, Rusizi