Ziara ya albamu ina hesabu zake, na vijana wetu wazijue mapema

Vijana wa muziki huku mashariki wana ndoto moja isiyochoka. Albamu itoke, kisha ziara: Kigali, Kampala, Nairobi, halafu Ulaya. Ndoto hiyo iko mtaani, iko kwenye kwaya za makanisa, iko hata katika kambi za wakimbizi wa ndani, ambako gitaa moja hupigwa na watu watano kwa zamu. Hakuna ubaya kuota. Ubaya ni kwamba karibu wote wanaijua ziara kwa picha za jukwaani tu, na yanayofanyika nyuma ya jukwaa hakuna anayewaeleza. Kongo ina mfano wake mkubwa wa jambo hili, na kila mara husimuliwa nusu.

Mfano huo ni Staff Benda Bilili wa Kinshasa. Jina lenyewe ni la Kilingala, na maana yake ni kutazama kilicho nyuma ya sura ya nje. Wengi wa waimbaji wake waliugua polio utotoni. Walitembea kwa vigari vya magurudumu matatu, na mazoezi walifanyia nje, kwenye bustani ya wanyama ya Kinshasa, maana hapakuwa na mtu wa kuwalipia nyumba. Kijana wao Roger Landu, aliyetoka barabarani, alipiga satonge, chombo alichojiundia mwenyewe kwa kopo, kijiti kilichopindwa na waya mmoja. Aliyesikia sauti ya waya ule haisahau. Kuna magitaa ya dola 1,000 yasiyofika pale.

Kabla albamu haijakamilika, kituo cha walemavu walimokuwa wakilala baadhi yao kiliungua, na kazi ya kurekodi ikasimama. Familia zilizowahi kuona nyumba ikiwaka kijijini zinaijua hali hiyo bila kuelezwa. Mtu anapoteza godoro, anapoteza karatasi zake, halafu kesho anaulizwa kama bado yuko tayari kuimba. Walikuwa tayari. Prodyuza wa Ubelgiji, Vincent Kenis, alirekodi pale pale bustanini kwa kompyuta ya kubeba na maikrofoni chache, umeme ukivutwa kutoka nganda ya jirani. Albamu, Très Très Fort, ikatoka 2009 kwa Crammed Discs, kampuni huru ya Brussels. Mwaka huo huo kundi likapanda ndege, likapiga kwenye tamasha la Eurockéennes huko Belfort, Ufaransa, na likapewa tuzo ya msanii ya WOMEX. Mwaka 2010 filamu yao, Benda Bilili!, ikaonyeshwa Cannes.

Hapo ndipo wasimulizi wengi huishia. Walemavu waliolala nje wamefika Ulaya, watu wanapiga makofi, hadithi imekwisha. Lakini haikuwa imekwisha. Septemba 2012 ikatoka albamu ya pili, Bouger le monde, pamoja na safari nyingine za kuitangaza. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 2013, tamasha zilizokuwa zimepangwa zikafutwa. Ndani ya kundi kulikuwa na kutoelewana kuhusu uongozi na usimamizi. Coco Ngambali na Théo Nzonza, sauti mbili kubwa za kundi, wakaondoka. Moto haukuwavunja, polio haikuwavunja, usingizi wa barabarani haukuwavunja. Wakagawanyika wakiwa na albamu mpya mkononi na majukwaa yakiwangoja.

Kijana anayetaka ziara afikiri sana juu ya sehemu hii ya pili, maana ndiyo inayomhusu. Sehemu ya kwanza inategemea kipaji na bahati. Ya pili inategemea hesabu, na hesabu mtu anaweza kujifunza hata akiwa ndani ya hema.

Ziara inakula pesa kabla ya kuingiza. Viza ya Schengen mtu wa Kongo anaiombea Kinshasa, na kwa mtu wa Goma safari ya Kinshasa peke yake ni mradi, zaidi tangu uwanja wa ndege ulipofungwa Januari 2025. Kuna pasipoti, tikiti, hoteli, gari la kubeba vyombo, dereva, fundi wa sauti, chakula cha kila siku. Mara nyingi kampuni hutanguliza pesa hizo, na wanamuziki wanadhani wamepewa. Hawajapewa. Wamekopeshwa, na mkopo utakatwa kwenye mapato yao. Neno hilo moja, "kutanguliza", limevunja urafiki mwingi kuliko wivu wa wanawake na waume.

Halafu kuna asilimia. Kwa kawaida meneja huchukua kati ya 15 na 20 kwa mia, na wakala anayetafuta majukwaa huchukua 10 ao 15. Si wizi, ni kazi yao, na meneja mzuri anastahili kila franka. Swali ambalo vijana hawaulizi ni hili: asilimia hiyo inakatwa wakati gani?

Chukua mfano wa kubuni tu. Kundi la watu 8 limelipwa euro 5,000 kwa usiku mmoja, na gharama za usiku huo ni 2,400. Meneja ana 20 kwa mia na wakala ana 15. Wakikata kwanza, kabla ya gharama, wanaondoka na 1,750. Ukitoa gharama zinabaki 850, na kila mwanamuziki anapata kama 106. Sasa pindua: gharama zitolewe kwanza, zibaki 2,600, ndipo wale wawili wakate 35 kwa mia yao, yaani 910. Zinabaki 1,690, na kila mwanamuziki anapata 211. Usiku ni ule ule, nyimbo ni zile zile, jasho ni lile lile, lakini mtu ameenda kulala na pesa mara mbili. Tofauti yote iko katika sentensi moja ya mkataba, na mara nyingi sentensi hiyo imeandikwa kwa lugha ambayo mpiga ngoma haisomi.

Wengine wanasema karatasi ni mambo ya wazungu, sisi kundi letu ni familia. Lakini familia gani ya Kongo isiyoandika? Kwenye matanga kuna daftari la michango, na jina la kila mtu linawekwa pamoja na kiasi alichotoa. Akina mama wa likirimba sokoni wanajua nani amelipa, nani anapokea Jumamosi, nani ana deni la wiki mbili. Wao hawakusoma sheria. Kundi la muziki linaloshindwa kufanya wanachofanya wauza mihogo lisiseme linajiandaa kwa Ulaya.

Kuna pia wanaosema kwamba bila wageni wale, kompyuta yao na kamera zao, Benda Bilili isingejulikana nje ya Kinshasa. Ni kweli, na ni lazima isemwe. Kampuni za nyumbani zilikuwa hazitazami upande ule wa bustani. Lakini shukrani haizuii mtu kuuliza hesabu. Mgeni mwenye nia njema hakasiriki akiulizwa. Akikasirika, ni afadhali ijulikane mapema, kabla ya uwanja wa ndege.

Jambo hili liko karibu zaidi kuliko Ulaya. Katika kambi na vituo vya vijana wanafika watu wenye simu nzuri na kamera, wanarekodi watoto wakicheza ngoma za madebe, wanaondoka. Wimbo unaonekana baadaye kwenye video ya shirika fulani ao kwenye mtandao wa mtu binafsi, bila jina la aliyeutunga. Huenda hakuna aliyepata hata dola moja. Lakini jina la mtunzi limepotea, na jina ndilo mtaji wa kwanza wa msanii asiye na nyumba wala shamba. Sheria ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986 inamlinda mtunzi, na tangu 2011 kuna SOCODA ya kukusanya haki za watunzi. Mtu anaweza kulalamika kwamba ofisi hizi ziko mbali na haziamki mapema, na malalamiko hayo yana msingi. Hata hivyo, mtunzi ambaye hakuandika popote tarehe ya wimbo wake na majina ya waliotunga naye atakuwa na kazi ngumu hata mbele ya ofisi inayoamka mapema.

Wale walioondoka Benda Bilili hawakukaa kulia. Coco na Théo waliunda kundi jingine, Mbongwana Star, na albamu yao From Kinshasa ikatoka 2015 kwa World Circuit, kampuni ya Uingereza. Kipaji hakikufa. Lakini kuanza tena katika umri wao, juu ya vigari vile, kutafuta tena jina ambalo ulikuwa nalo tayari, ni gharama ambayo hakuna aliyeihesabu kwenye bei ya tikiti.

Kwa hiyo kundi la Goma, la Uvira ao la Bunia linalojiandaa kutoa albamu likae chini siku moja bila vyombo. Liandike nani alitunga wimbo gani. Liandike pesa za jukwaa zinagawanywa vipi, na kama mtunzi anapata sawa na wengine ao zaidi. Nani anaweka sahihi kwa niaba ya kundi, na anaonyesha hesabu kila baada ya siku ngapi. Asilimia ya meneja inakatwa kabla ya gharama ao baada yake. Mtu akitoka, anaondoka na nini, na jina la kundi linabaki kwa nani. Iandikwe kwa Kiswahili, hata kama baadaye itatafsiriwa kwa Kifaransa kwa ajili ya kampuni. Yote hayo yanaingia kwenye kurasa mbili za daftari. Kila mwanakundi abaki na nakala yake, hata mpiga ngoma wa miaka 16, ambaye mzazi ao mlezi wake ndiye atakayemwekea sahihi.