Fimbo ya Kuvulia: Tazama Ncha Kwanza

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Tabora, ikaishia Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na safari ya miguu ya majuma kadhaa ikawa safari ya gari moshi. Kwa hiyo mtu wa Tabora apendaye ndoana aweza kwenda kuvua ziwani wakati wa likizo. Lakini fimbo iliyomfaa bwawani haitamfaa huko. Kabla hujatoa fedha ya nyumba, tuzungumze.

Perege wa mabwawa yetu hula majani na vitu vidogo vya majini. Kwao mwanzi mrefu, mshipi, boya na chambo kidogo vyatosha. Ziwani kuna mgebuka, sangala na kuhe, samaki wanaokimbiza wenzao wadogo. Hao hudanganywa kwa jigi, yaani ndoana yenye kichwa cha risasi, iliyovikwa manyoya au mpira mfano wa dagaa. Unaitupa, unaiacha izame mpaka chini, unaiinua kidogo, kisha unaiacha ianguke tena. Mara nyingi samaki huikamata inapoanguka. Hapo hakuna boya la kukuonyesha. Mkono wako ndio utakaojua, nao hupata habari kwa fimbo tu. Fimbo iliyo laini tangu mpini mpaka ncha haileti habari yo yote.

Basi, ukiwa dukani, fanya hivi. Kwanza, soma maandishi yaliyo karibu na mpini. Hapo huandikwa uzito ambao fimbo yaweza kuurusha, kwa mfano gramu 10 mpaka 30. Jigi yako na iwe katikati ya hesabu hiyo. Ikiwa nyepesi mno haitafika mbali. Ikiwa nzito mno yaweza kuvunja fimbo.

Pili, pitisha mshipi katika pete zote, umwombe mwenzako auvute polepole. Ncha na ipinde kwanza, sehemu ya chini ibaki ngumu, maana nguvu ya kumnasa samaki hutoka huko.

Tatu, pima urefu. Asimamaye ufukoni hufaa apate kama mita 2 na nusu. Aliye mtumbwini, karibu mita 2, asije akawagonga wenzake.

Nne, sugua ndani ya kila pete kwa pamba. Ikinasa nyuzi, pete ina ufa, na ufa hukata mshipi.

Fimbo nyingi za siku hizi ni za kaboni. Ni nyepesi na huhisi upesi, lakini kaboni hupitisha umeme. Sisi watu wa magharibi twazijua radi zetu. Wingu likinguruma, ilaze fimbo chini, uondoke majini ukajikinge. Usingoje samaki mmoja zaidi. Wala usiisimamishe chini ya nyaya za umeme. Baba na mama, mwambieni kijana wenu maneno haya kabla ya kumnunulia.

Tena uliza sheria kwa afisa uvuvi wa wilaya. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika tangu 15 Mei hata 15 Agosti, samaki wapate kuzaana. Nalo pori la Mto Ugalla lilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2019. Usiingie humo na ndoana bila kibali.

Fedha ikiwa haba, chukua fimbo ya nyuzi za kioo yenye ncha nzuri, uiache ile ya rangi za kupendeza. Samaki hatazami rangi ya fimbo.